Nukta Nyekundu Kwenye Betri

Jumamosi, 15 Machi 2025

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya baiskeli. Celine, mke wangu, ameniuliza kwa nini baiskeli ianzishiwe kitabu wakati mimi na yeye tumeoana miaka thelathini na miwili na sijawahi kumwandikia hata barua. Nimemwambia yeye hana vipuri vya kuibiwa. Amecheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha.

Nilikuwa mtunza bohari la reli kwa miaka thelathini na mmoja. Mtu akikaa bohari muda huo hujifunza jambo moja, kwamba kitu hakipotei chenyewe. Nimeona koki za shaba zikitoka getini ndani ya mkebe wa ugali. Nimeona mtu wa kanisa, tena mzee wa kanisa, akitembea kama ana jipu kumbe ana futi mbili za bomba ndani ya suruali. Kwa hiyo watu wakiniambia, Jackton Okumu, wewe unashuku sana, mimi husema asante.

Baiskeli yenyewe ni ya milimani, ya umeme, niliyonunua Januari kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Goti langu la kulia limeisha. Daktari amenikataza kutembea mbali, lakini amesema kukanyaga pedali ni dawa. Mota iko katikati, kwenye pedali, na betri imelala juu ya bomba la chini la fremu, ndani ya kasha lake jeusi. Sisi wazee watano wa hapa Komarock tumekubaliana kupanda mlima wa Donyo Sabuk siku ya Madaraka, tarehe mosi Juni. Wenzangu baiskeli zao ni mpya. Yangu inataka breki, tairi za matope na helmeti ya maana.

Fundi anayeweza kuifungua huku kwetu ni mmoja tu, Idarusi, mwenye kibanda nje ya geti la korti yetu, yaani nyumba zetu za uzio mmoja. Asili yake ni Pwani, na ni mpole kupita kiasi. Upole huo ndio unaonitia wasiwasi. Tena kuna hili. Uzio wetu utasogezwa mwezi Juni na patabaki nafasi ya kibanda kimoja getini. Idarusi anaiomba, maana hana pengine pa kufanyia kazi. Mwenyekiti wetu, Matheka, anataka apewe shemeji yake aweke mashine ya kuosha magari. Kamati ina watu watano. Wawili wako huku, wawili wako kule, na wa tano ni mimi. Kura ni tarehe 31 Mei. Ndiyo maana Idarusi ananisalimia vizuri sana siku hizi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimenunua glavu. Vidole vya kushoto ni vipana kuliko vya kulia. Nitazirudisha kesho.

Jumanne, 18 Machi

Wamekataa kubadilisha. Wanasema tatizo ni mikono yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Pedi za breki zimefika kutoka mjini. Nimezipeleka kwa Idarusi, akazinusa, akazikwaruza kwa ukucha, akasema, “Hizi sawa, Mzee.” Nikamuuliza amejuaje kwa kunusa. Akasema za bandia hunuka gundi. Sasa mtu anayejua harufu ya za bandia, ameshika ngapi mpaka leo?

Nimeamua kufanya kama tulivyofanya bohari. Kila kitu cha thamani tulikitia rangi mahali ambapo mwizi hatazami. Watu wa mji huu hawana haki ya kunicheka, kwa sababu wote wamechongesha namba za magari yao kwenye vioo vya pembeni wasije wakauziwa vioo vyao wenyewe. Nimechukua rangi ya kucha ya Celine, nyekundu, nikatia nukta chini ya pedali, kwenye shoki, kwenye diski zote mbili za breki, kwenye pingili moja ya mnyororo, na kwingineko. Jumla ni nukta kumi na moja, na orodha iko nyuma ya daftari.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Idarusi alitaka kutoa hewa kwenye breki za mafuta na akaniomba nimwachie baiskeli mpaka kesho. Nikasema nitangoja.

“Mzee Jackton, nenda ukapumzishe goti. Kesho asubuhi utaikuta tayari.”

“Nimepumzika tangu nistaafu.”

“Na hapa hakuna kiti, Mzee.”

“Nimekuja na kiti.”

Akacheka. “Mimi nimefunga, hata maji sijatia kinywani. Wallahi breki zako sitazila.”

Watu wawili waliokuwa wamejikinga mvua hapo wakaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini sikuondoka. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa na tende tano za kufungulia, akanipa mbili. Breki sasa zinashika kwa kidole kimoja, na nukta zote zipo. Hilo halithibitishi kitu, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale nikimwangalia.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Shamso, mke wa Idarusi, ametuletea sinia la pilau. Yeye na Celine ni marafiki, hupelekana sokoni. Nyama ilikuwa nyingi mno. Nimemuuliza Celine kama kamati nzima imeletewa.

“Baba Awuor, kula ama uache wengine wale.”

Nimekula. Ilikuwa tamu sana, na hilo nalo limenisumbua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimenunua helmeti mjini. Nilipofika nyumbani kibandiko cha ubora kikabanduka kwa jasho la kidole. Chini yake kuna kibandiko kingine cha ubora, cha kampuni tofauti.

Jumatatu, 7 Aprili

Idarusi ameibonyeza ile helmeti kwa vidole gumba viwili ikabonyea. “Hii ni ya kuendea harusini,” akasema. Ameniagizia nyingine kwa mtu wake, na imenikaa vizuri. Bei yake ni chini ya ile ya mjini. Ningependa kujua huyo mtu wake anapata wapi helmeti za bei hiyo.

Jumatano, 9 Aprili

Tairi mpya za matope. Nimepita barabara ya nyuma ya Kayole, ile ambayo mvua huigeuza kuwa bwawa, na sikuteleza. Nimefurahi kama mtoto.

Jumamosi, 12 Aprili

Furaha yenyewe haikudumu. Betri inaisha kabla sijafika Ruai na kurudi. Idarusi ameipima, akaniita nione namba kwenye mita yake.

“Ndani mna seli arobaini, Mzee. Nane zimechoka, na hizo nane zinawavuta wenzao. Nitabadilisha hizo tu. Usinunue betri nzima, utakuwa umetupa pesa.”

“Kwa muda gani?”

“Nipe siku tatu. Na hapo usije na kiti, nitaifanyia nyumbani kwenye mashine ya kuchomea.”

Siku tatu, nyumbani kwake, nisione. Nikakutana na Matheka getini nikamweleza. Matheka ni mmoja wa wale wazee watano wa mlimani, na baiskeli yake ndiyo ghali kuliko zote. Akatikisa kichwa.

“Okumu, wewe mtu wa bohari unaniuliza mimi? Anatoa nane mbovu, anatoa na kumi nzuri, anakuwekea za laptopu zilizookotwa. Utajuaje?”

Ni kweli. Nitajuaje?

Jumapili, 13 Aprili

Leo ni Jumapili ya Matawi. Celine alipoenda kanisani nilimwambia goti linauma. Nilifungua kasha la betri kwa bisibisi ya nyota, nikakunja nailoni ya bluu iliyofunika seli, nikatia nukta nyekundu kichwani mwa kila seli, upande wa juu. Seli arobaini, nukta arobaini. Sikuruka hata moja. Akibadilisha nane, zibaki thelathini na mbili. Hesabu haina mjadala.

Celine aliporudi na tawi lake aliuliza mbona nyumba inanuka saluni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempelekea Idarusi betri. Alivyoipokea kwa mikono miwili, mtu angedhani ni mtoto.

Alhamisi, 17 Aprili

Ameirudisha siku aliyosema. Amenipa na zile seli nane mbovu ndani ya mfuko wa karatasi bila mimi kuzidai. Zote nane zina nukta yangu. Hakuuliza nukta ni za nini, ila alinitazama, halafu akatazama pembeni.

“Sasa sikiliza, Mzee,” akasema. “Raba yake ya kuzuia maji ilikuwa imezeeka, nimeitoa. Nimeziba mzunguko wote kwa silikoni. Usiifungue. Mvua ya mwezi huu ikipata hata upenyo wa uzi, hiyo betri imekwisha, na inaweza kuwaka.”

Nilisema sawa. Nilipokuwa nikiondoka nikajiuliza, kwa nini mtu akukataze kutazama ndani ya mali yako?

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Celine ameenda Njia ya Msalaba. Nimekata silikoni kwa kisu cha jikoni, nimefungua, nimehesabu.

Nukta kumi na tisa.

Nimehesabu tena kwa kidole, nikahesabu tena nimevaa miwani ya kusomea. Kumi na tisa. Thelathini na mbili toa kumi na tisa ni kumi na tatu. Seli kumi na tatu nzuri zimetolewa kwenye betri yangu, zikawekwa nyingine, na mtu huyo huyo alinipa tende zake akiwa na njaa.

Nilikaa sakafuni. Nilidhani nitafurahi kuwa shaka yangu ilikuwa ya kweli, lakini nilihuzunika. Kumbe nilikuwa nimeanza kumpenda yule mtu.

Nimerudisha kifuniko nikakizungushia selotepu nyeusi ya umeme, mizunguko minne, imebana kabisa. Sitasema kitu kwa sasa. Bohari tulikuwa hatumkamati mtu kwa mara ya kwanza, tulimwacha ajiamini.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Matheka peke yake. Alinishika bega. “Ulikuwa unangoja nini? Hilo ni la kamati.” Nikamwambia angoje. Sikupenda alivyofurahi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua siku nzima. Sikutoka.

Jumatano, 30 Aprili

Betri inakwenda vizuri, lazima niandike ukweli. Nimefika Ruai na kurudi na nusu imebaki. Seli za laptopu zilizookotwa zinawezaje hivyo? Labda ni ujanja wa mwanzo, baadaye zitakufa zote pamoja.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika mchana huu huu kabla hasira haijapoa.

Tulitoka wazee watano asubuhi kufanya mazoezi barabara ya Kangundo. Kulikuwa na manyunyu. Tulipopita Njiru mvua ikafunguka, ile ya kupiga mgongo, na malori yakawa yanatumwagia maji ya barabarani mpaka kifuani. Nikasikia mota inakata na kurudi. Halafu nikasikia mlio mdogo wa kukaanga, na moshi mweupe ukatoka chini ya miguu yangu. Niliruka. Kwa goti hili niliruka, nikaitupa baiskeli mtaroni. Moshi ulitoka kama dakika tano. Mungu ni mwema, haikuwaka, lakini kama ingekuwa ndani ya nyumba na Celine amelala?

Nilirudi na mkokoteni, baiskeli juu, mimi nikichechemea pembeni, na Matheka akiendesha polepole nyuma yangu. Tulipofika getini watu walikuwa wengi, kwa sababu Jumamosi kila mtu anachukua kitu kwa fundi. Idarusi alikuja mbio.

“Mzee! Umeumia?”

Nikamwambia asiniguse. Nikasema yote kwa sauti, kila mtu asikie. Nikasema betri yangu ilikuwa na seli zangu, nikasema amenitolea seli kumi na tatu, nikasema amenitilia takataka iliyotaka kuniua. Nilimwita mwizi. Nililisema neno hilo mara tatu.

Watu walisogea karibu. Idarusi alisimama pale na mikono yake ya grisi. Hakupandisha sauti.

“Kumi na tatu umezijuaje, Mzee?”

“Nilizitia alama kabla ya kukupa.”

“Alama nimeziona. Nauliza, baada ya mimi kukurudishia, uliifungua?”

Watu wote walinitazama. Matheka alinitazama.

“La,” nikasema.

Idarusi akasema “Haya,” akarudi kibandani mwake akaketi. Hakuna aliyeuliza basi nilizihesabu vipi.

Sijui kwa nini nilisema la. Nimekaa hapa najiuliza. Nadhani ni kwa sababu swali lenyewe lilikuwa janja, la kunigeuza mimi kuwa mshtakiwa. Mwizi ni mwizi hata kama nilifungua. Nikisema ndiyo, watu wangeacha kuzungumzia seli waanze kuzungumzia selotepu.

Jumapili, 4 Mei

Sikuenda kanisani. Goti, kweli safari hii.

Jumatano, 7 Mei

Watu watatu wameondoa baiskeli zao kwa Idarusi. Mmoja ni yule mwalimu ambaye alikuwa akimsifu kila siku.

Jumamosi, 10 Mei

Shamso amempita Celine dukani bila salamu. Celine amerudi hana raha. Ameniuliza, “Una hakika, Baba Awuor?” Nimemwambia hesabu haina mjadala. Akasema hakuuliza habari ya hesabu.

Jumatano, 14 Mei

Nimepita getini. Kibanda kiko wazi, lakini hakuna baiskeli hata moja. Idarusi alikuwa akipanga spana zake kwa ukubwa. Aliniamkia, “Shikamoo, Mzee.” Nimeitikia. Mwizi gani anakuamkia shikamoo baada ya hayo? Ama ndiye mwizi mkubwa kuliko wote, ama sijui.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwandikia Matheka barua rasmi ya kamati, kwa lugha ya bohari: mali, tarehe, upungufu. Ameniambia sasa mambo yamekwisha, shemeji yake ameshaagiza mashine.

Alhamisi, 22 Mei

Nilitaka ushahidi wa kuambatanisha na barua. Nimepeleka betri kwa fundi mwingine, kijana anaitwa Kitonga, Spine Road, Kayole. Hanijui na hamjui Idarusi. Niliketi mbele yake. Nilikuwa nimekuja na miwani.

Alitazama kasha kabla ya kulifungua.

“Buda,” akaniita, kama vijana wanavyowaita wazee, “nani aliweka hii selotepu?”

Nikamwambia aifungue tu.

Akaifungua. Maji yalitoka, ya kahawia. Akanionyesha kutu iliyofuata ule mstari wa selotepu mpaka ndani, halafu akanionyesha mabaki ya silikoni yaliyokatwa kwa kisu. Akasema hapa ndipo maji yalipoingilia. Nikamwambia aachane na maji, ahesabu nukta nyekundu. Alinitazama, lakini ni mtoto wa adabu, akaanza kutoa seli moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani juu ya gazeti.

Zilizokuwa juu zilikuwa kumi na tisa. Halafu akageuza safu zilizobaki. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Zilikuwa zimeangalia chini.

“Hizi safu alizipindua,” Kitonga akasema. “Ukiweka seli mpya lazima upange upya, zile ziko sawa zikae pamoja, so zingine zinaangalia chini. Ziko thirty-two. Na hizi nane hazina doa ni mpya, tena si za kuokota. Zote arobaini ziko hapa, buda. Hakuna kitu imeibwa.”

Nilimwomba ahesabu tena. Akahesabu tena.

“Mtu alishona hii betri anajua job. Mimi mwenyewe singefanya hivi poa. Ni yule aliifungua baadaye ndiye aliiua. Ilikuwa wewe?”

Hapo Kayole, mbele ya mtu nisiyemjua, nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimetoka nyumbani kutafuta ushahidi, na nimerudi nao kwenye mfuko wa nailoni. Miaka thelathini na mmoja bohari, na nilihesabu kitu kwa upande mmoja tu. Mtunza bohari mwanafunzi angegeuza. Mimi sikugeuza kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Sina la kuandika.

Jumapili, 25 Mei

Nimemwambia Celine baada ya chakula cha mchana. Nilimwambia kila kitu, Matawi, Ijumaa Kuu, kisu chake cha jikoni, na ile “la” niliyosema getini. Aliendelea kukusanya makombo mezani. Nilidhani atanigombeza, na ningependa angenigombeza.

“Mimi unaniambia ya nini?” akasema mwishowe. “Mimi ndiye ulimwita mwizi?”

“Nitamwambia.”

“Ulimwambia wapi mara ya kwanza?”

Nikajibu, getini, mbele ya watu.

“Basi,” akasema, akaondoa sahani.

Jumanne, 27 Mei

Nimeenda mpaka getini nikarudi. Palikuwa na watu.

Jumatano, 28 Mei

Nimeenda tena. Hapakuwa na watu, nikasema nitangoja wawepo. Naandika haya ili nione mwenyewe jinsi nilivyo.

Alhamisi, 29 Mei

Kibanda kimefungwa kwa kufuli. Mlinzi wa geti ananiambia Idarusi alipakia mashine yake kwenye mkokoteni saa kumi na mbili asubuhi. Amepata kona ya kufanyia kazi Kware, chini ya ghorofa la watu wengine. Nilichelewa kwa siku mbili, na siku zote mbili nilikuwa na miguu.

Jumamosi, 31 Mei

Kamati ilikaa saa nane mchana kwenye ukumbi, na wakazi walikuwepo zaidi ya thelathini. Matheka alisoma barua yangu kwa sauti nzuri, akisimama kidogo kwenye neno “upungufu”. Alipomaliza nikainua mkono.

Nimesema, “Barua hiyo ni ya uongo, na aliyeiandika ni mimi.” Sikupanga kuanza hivyo, ndivyo ilivyotoka. Nikaeleza. Nilikuwa nimebeba zile seli, nikazimwaga mezani, nikawaambia waje wageuze wenyewe. Nikasema Idarusi aliniuliza mbele yenu kama niliifungua, nami nikasema la, na ilikuwa ndiyo. Mwalimu, yule aliyeondoa baiskeli yake, aliinama akatazama viatu vyake. Watu wengine walicheka, na niliona wana haki.

Matheka aliniambia kwa sauti ya chini, “Okumu, umenivua nguo.” Nikamwambia mimi ndiye niko uchi hapa.

Nikapiga kura. Watatu kwa wawili, nafasi ya getini ni ya Idarusi. Nikaomba nipewe barua ya kamati nimpelekee mwenyewe.

Jumapili, 1 Juni

Madaraka. Wenzangu wamekwenda mlimani alfajiri na mapema, wanne. Mimi nimekwenda Kware kwa pikipiki, nimebeba barua na betri. Celine alitaka kunisindikiza. Nikakataa.

Nilimkuta chini ya ghorofa moja refu, maji ya nguo zilizoanikwa juu yakimdondokea mezani. Palikuwa na vijana wanne wanangoja tyubu zao, na mama mmoja anauza viazi karai pembeni. Nilisimama katikati yao. Nikasema, “Jamani, samahani, nina neno na fundi, na nataka mlisikie.” Nikasema jina langu, nikasema nilimwita mtu huyu mwizi mbele ya watu, na hakuwa mwizi, mimi ndiye niliyekuwa mwongo.

Idarusi alifuta mikono kwa kitambaa. Akanivutia stuli, akaniambia, “Kaa, Mzee, goti hilo.” Akamwambia yule mama aniletee chai. Nikampa barua, akaisoma mara mbili.

“Nitarudi,” akasema. “Jumatano, inshallah. Shamso atafurahi, huku hapapendi. Na nimekusamehe, Mzee. Nilikusamehe siku nyingi, la sivyo ningeshindwa kulala.”

Nilishukuru Mungu. Nikanywa chai yake. Halafu nikatoa betri kwenye mfuko, nikaiweka mezani, nikamwambia nimenunua seli mpya, aishone upya kwa muda anaoutaka, aniite ikiwa tayari, sitakuja na kiti.

Aliitazama. Hakuigusa.

“Hii hapana.”

“Nitalipa unachosema.”

“Si malipo. Tutasalimiana pale getini kila siku. Celine akiugua, Shamso atakuja kumpikia. Mkipata msiba nitachimba kaburi na wengine. Lakini chombo chako sitakitia mkono tena.” Hakuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo maana niliogopa. “Hivi ni vyombo, Mzee. Vinaharibika hata vikitengenezwa vizuri. Siku hii itakapozima, hata kama ni baada ya miaka miwili, utamtafuta nani?”

Nilifungua mdomo niseme sitamtafuta mtu. Vijana walikuwa wananitazama, mama wa viazi alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimetoka tu kuwaambia kwamba mimi ni mwongo. Nikafunga mdomo.

Aliirudisha betri mfukoni kwa kushika mfuko tu, bila kugusa betri, akanifungia vizuri fundo la juu. Akaniitia pikipiki, akamwambia dereva aende polepole kwa sababu ya goti.

Ni saa kumi jioni sasa. Celine ameniuliza fundi amesema nini, nikamwambia anarudi Jumatano. Hayo mengine nimeyaandika hapa tu. Tangu nifike nimekaa nikitafuta mahali ambapo Idarusi amenionea, na sijapaona. Siku betri ikizima, ningemtafuta yeye.